Nimemuumiza kwa Mnazi Wangu

Nasikia siku hizi mkalimani wa baraza ana kiti chake, tena kina mto. Sisi tulisimama. Tulisimama tangu asubuhi mpaka Bwana, yule Mzungu aliyehukumu, alipofunga daftari lake, mmoja kushoto akilalamika, mwingine kulia akikana, na mimi katikati nikichukua maneno ya huyu kuyapeleka kwa yule. Miguu hii inayonisumbua leo msidhani ni uzee peke yake. Serikali nayo ina sehemu yake. Lakini siwaonei choyo, vijana wangu. Kaeni kwenye mito yenu, ila mnisikilize kidogo, kwa sababu katika kazi hii kuna neno moja lililonisumbua kuliko mengine yote, nalo ni neno la kuumiza.

Mtaniambia, "Babu, kuumiza nani asiyekujua?" Ndivyo nilivyodhani na mimi. Kuna kugusa, kuna kusukuma, kuna kupiga, kuna kuumiza, kuna kujeruhi, mpaka unafika kwenye kuua. Kujeruhi kuna damu ndani yake, na mara nyingi kuna chuma. Kuumiza ni neno pana. Jiwe huumiza, kiatu huumiza, ulimi huumiza, na mapenzi pia, na kama hamjajua mtajua. Katika daftari la Bwana kila neno lilikuwa na adhabu yake. Ukimpandisha mtu kwa neno moja, umempandishia na miezi ya kufungwa, na mkalimani ndiye aliyeshika ngazi.

Nilianza kazi Malindi, miaka ile ya mwanzo ya Serikali, kabla ya vita vikuu vya Wazungu. Mji ulikuwa mdogo, ungeweza kuuzunguka wote kabla uji haujapoa. Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa nyumba kongwe ya mawe. Meza ilikuwa moja, mguu wake mmoja mfupi, tumeuwekea kigae. Watu waliketi chini nje kungoja zamu zao, na pembeni yao bibi mmoja akiuza mahamri, hata mashtaka mengine yalitolewa mdomo ukiwa bado una mafuta. Nikiikumbuka harufu ile ya wino na mahamri moyo unanilainika, na mimi si mtu wa kulainika upesi, waulizeni wanangu.

Mama yangu alikuwa Mgiriama wa bara, akaolewa mjini na baba yangu. Kwa hiyo Kigiriama nilikisikia jikoni na Kiswahili nilikisikia barazani, na vyote viwili nilivisema vizuri. Huo ndio uliokuwa utajiri wangu. Kwa bahati mbaya nilijua kwamba ni utajiri.

Aliyenifundisha kazi ni Maalim Sefu, mzee mwembamba wa sauti ya chini, mkalimani tangu siku ambazo Serikali yenyewe haikuwa na hakika kama itakaa. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Umekuja kusema au umekuja kusikia?"

"Nimekuja kusema, Maalim."

Akatikisa kichwa. "Basi utakawia kujifunza."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania.

Wakati ule hatukuandika kwanza kama mnavyofanya nyinyi. Tulibeba maneno kichwani, na ili yasitupotee tulikunja vidole. Mtu akisema kauli moja, unakunja kidole kimoja mkono wako ukiwa nyuma ya mgongo. Akimaliza kauli tano ngumi imefumba, unamwambia angoje. Halafu unaanza kutafsiri, na kila kauli unayoitoa unakikunjua kidole chake. Ngumi ikifunguka yote, kazi imekwisha na hakuna neno la mtu lililobaki kwako. Mnaweza kucheka, lakini mkono wangu ulikumbuka mambo ambayo leo karatasi zenu zinayapoteza.

Kuhusu kuumiza, Maalim alikuwa na kanuni zake. Mtu akisema ameumizwa, usimwamini wala usimkatalie. Mwambie aonyeshe. Aonyeshe mahali mwilini, aonyeshe kwa mkono kitu kilivyokuja, kisha muulize swali moja: "Kazi yako nyumbani sasa anaifanya nani?"

Swali lile la mwisho niliona ni upuuzi mpaka siku moja walipofuatana watu wawili. Wa kwanza alikuwa Bwana Premji, Mhindi mwenye duka la nguo, mtu mwema na mcheshi ila mwoga wa maumivu. Hamali alikuwa amempitia na gunia.

"Ameniua!" akalia Bwana Premji. "Ameniua kabisa, mimi maiti sasa!"

Bwana Mkubwa akainua kalamu. Maalim akasema taratibu, "Bwana Premji, tuonyeshe."

Akapandisha nguo yake mguuni. Palikuwa na mkwaruzo, mrefu kama punje mbili za mchele zikilazwa pamoja.

"Na dukani leo nani anauza?"

"Nani mwingine? Mimi mwenyewe nauza! Nimefunga sasa hivi nije hapa." Kisha akajisikia, akaanza kucheka, na hamali naye akacheka, wakatoka nje wakibishana kuhusu gunia.

Baada yao akaingia bibi mmoja kutoka bara, Mgiriama, jina lake Kadzo, amejifunika leso mpaka shingoni. Alimshtaki shemeji yake.

"Alikufanya nini, mama?" Maalim akamuuliza kwa lugha yake.

"Alinigusa."

"Alikugusa wapi?"

"Hapa. Kidogo tu."

Mimi nilishafungua mdomo kumwambia Bwana kwamba ameguswa kidogo. Maalim akanikanyaga mguu. Akamuuliza yule bibi, "Na nyumbani mahindi anatwanga nani?"

Machozi yakamshuka Bibi Kadzo. Akaifungua leso, tukaona mkono umefungwa kwa gome la mti, umevimba hata vidole havikunjiki. Ulikuwa umevunjika tangu siku tisa.

Hapo nikafahamu kwamba watu wa mjini tukiumia hupaza, na watu wa bara wakiumia hupunguza, na mkalimani akibeba neno tupu bila mwenyewe kuonyesha, amebeba kibuyu asichojua kina nini ndani. Nilifahamu, nasema. Kufahamu ni kitu kimoja na kushika ni kitu kingine.

Jambo jingine la Maalim nililiona mara moja tu. Katikati ya shauri, watu wamejaa, alinyamaza ghafla akaangalia vidole vyake. Kisha akamgeukia Bwana. "Bwana, nimekosea. Nimeacha neno la mtu huyu. Naomba turudi nyuma." Bwana alikasirika, akafuta alichoandika, wakarudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Lakini mimi niliona haya kwa ajili yake, nikajiapia kwamba mimi sitajidhalilisha hivyo mbele ya watu.

Baada ya miaka mitatu nilihamishwa. Serikali ilitaka mkalimani kwenye kituo kidogo juu ya vilima, kupita Rabai ukielekea upande wa Kaloleni, kwenye minazi na wagema. Nilikwenda na kanzu tatu, kofia mbili za kazi ya mkono, na mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa nini sijui. Mvua ya kule ikija huja kwa ubavu, si kutoka juu. Watu wakaniita Bwana Mwavuli, nami nikadhani wananiheshimu.

Bwana wa kituo kile tulimwita Bwana Miwani, kwa kuwa alivua miwani yake akaifuta kila alipotaka kufikiri. Alikuwa kijana, mkali, si mwovu. Kiswahili alikijua kiasi, Kigiriama hakukijua kabisa. Alipenda mashauri yaende mbio. Na mimi nilipenda kumpendeza. Watu walisema maneno yao ya kawaida, mimi nikayapamba. Mtu akisema "aliniibia," mimi nasema "alinidhulumu mali yangu." Bwana Miwani akaniambia siku moja kwamba Kiswahili changu ni kizuri kuliko cha wote aliowahi kuwasikia. Nililala na kauli ile wiki nzima.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipomfunga mtu.

Asubuhi moja, mwanzo wa masika, askari alimleta mzee mmoja aitwaye Mwaro. Alikuwa mtu wa makamo yanayoelekea uzee, mikono mipana, nguo yake ina damu iliyokauka. Askari aliweka kotama mezani, kile kisu kilichopinda cha wagema, nacho kina damu. Akaeleza. Jana yake jioni alikutana njiani na watu wamembeba mgema, jina lake Karisa, mguu umepasuka pajani, damu inamwagika, hajitambui. Mwaro alikuwa akitembea nyuma yao ameshika kotama. Askari akauliza, "Nani amemfanyia hivi?" Mwaro akajibu bila kusita, "Ni mimi." Akamkamata.

Bwana Miwani akauliza, "Karisa yuko wapi?"

"Nyumbani kwake, Bwana. Ana homa, hawezi kuja."

Mvua ilikuwa imekusanyika nyuma ya vilima, na Bwana alitaka kuvuka mto kabla haujajaa. Akaniambia nimuulize mshtakiwa.

Nikamuuliza Mwaro kwa Kigiriama kama ni kweli amemuumiza Karisa. Akaniangalia usoni. "Nidzamulumiza," akasema. Nimemuumiza. Nikakunja kidole.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mnazi wangu."

Nikakunja kidole cha pili. Kisha nikaduwaa. Mtu hamuumizi mwenzake kwa mnazi. Kotama iko mezani ina damu, na mzee anasema mnazi. Nikamwona kama mtu aliyechanganyikiwa kwa hofu, au aliyeonja tembo la asubuhi. Nikafikiri, nikimpelekea Bwana neno hili atacheka, na atakayechekwa ni mimi.

Nikageuka. Nikasema kwa Kiswahili changu kile kizuri, "Bwana, amekiri. Asema amemjeruhi."

Kidole cha kwanza nikakikunjua. Cha pili nikakikunjua vilevile, na mnazi sikuutaja.

Sikumwambia aonyeshe. Sikumuuliza kazi ya Karisa sasa anaifanya nani. Mtu akikiri, shahidi wa nini? Bwana Miwani aliandika, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miezi sita, gerezani pwani.

Nilipomtafsiria Mwaro hukumu hakulia wala hakupinga. Aliuliza tu, "Na Karisa ataoshwa na nani?"

Neno hili nalo sikulitafsiri. Nililiona ni manung'uniko. Wakamtoa, mvua ikaanza, Bwana akavuka mto wake, na mimi nikaingia ndani kukausha kanzu.

Zikapita wiki tatu. Siku moja nimesimama barazani peke yangu, akaja mwanamke mmoja, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alisema anaitwa Sidi, mke wa Karisa.

"Hajambo mumeo?" nikamuuliza.

"Hajambo gani, bwana? Kidonda kinanuka." Alisema bila kupaza sauti. "Nimekuja kumtaka Mwaro."

"Mwaro amefungwa, mama. Kwa sababu yenu. Amemjeruhi mume wako."

"Ndiyo, alimuumiza. Ndiyo maana namtaka. Nyinyi mmemchukua mwenye kumuuguza, mkaniachia mgonjwa. Hiyo ni hukumu ya wapi?"

Nikaona mwanamke huyu naye ana maneno ya ajabu kama yule mzee. Lakini alikuwa ametembea tangu alfajiri, na tope lile la magotini likanitia haya. Nikakumbuka kazi yangu, kwa kuchelewa. Nikamwambia, "Mama, nionyeshe. Ilikuwaje?"

Akanionyesha. Alikwenda kwenye nguzo ya ukumbi, akaweka mguu kama anayepanda. Mnazi ulikuwa wa Mwaro. Karisa alikuwa akimgemea. Wagema hupanda kwa vidato, yale makato wanayokata kwenye shina wapate kukanyaga, na vidato vya mnazi ule vilikuwa vimelika. Karisa alimwambia Mwaro mara mbili, na Mwaro akasema atavikata upya mvua zikikaribia. Hakuvikata. Karisa aliteleza akaanguka pamoja na kotama yake mwenyewe, ikampasua paja. Sidi alipofika hapo pa kuanguka akaiachia nguzo, akasimama chini.

"Mwaro alikuwa wapi?" nikamuuliza, na sauti yangu mwenyewe nikaisikia mbali.

"Shambani kwake. Alikuja mbio tulipopiga kelele. Akaiokota kotama ili watoto wasiikanyage."

"Sasa kwa nini anasema amemuumiza yeye?"

Sidi akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni anayekula ndizi na ganda lake. "Kwani mama yako hakukufundisha? Si unasema lugha yetu?"

Akanieleza. Kwa watu wa kilima chao, mtu akiumia, lazima umivu lile lipate mwenyewe. Awe ni mtu aliyepiga, au mwenye mbuzi aliyepiga pembe, au mwenye mnazi uliomwangusha mtu, anakuja mbele ya jamaa anasema, "Nimemuumiza." Akishalisema, amejifunga. Atateka maji kwa mkono wake, ataosha kidonda kila siku, atalima shamba la mgonjwa mpaka mgonjwa asimame. Mwenye umivu asipojitokeza, mgonjwa hulala na umivu lisilo na mtu, na hiyo ndiyo aibu kubwa. Mwaro alipomjibu askari "ni mimi," hakuwa akikiri kosa la kisu. Alikuwa akilipokea jukumu lake mbele ya watu, njiani, damu haijakauka. Sijui kama desturi ile ilikuwa ya Wagiriama wote. Mama yangu hakuwahi kunitajia, au alinitajia nami nilikuwa nje nacheza. Kwa kilima kile ilikuwa hivyo.

"Kwa mnazi wangu," alisema yule mzee. Alinipa jibu lote kwa maneno matatu, na mimi nikalitupa.

Vijana wangu, ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia saa ile ile kwa Bwana Miwani. Sikukimbia. Nilikaa na jambo lile siku mbili. Nilijiambia miezi sita si mingi. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa, nami nina mke Malindi na mtoto mchanga. Nilijiambia pengine Sidi anamtetea jirani. Usiku nilikunja vidole na kuvikunjua kama mwendawazimu. Nilimkumbuka Maalim Sefu akisema "nimekosea" mbele ya ukumbi mzima, na siku ile ya pili ndipo nilipoona kwamba alikuwa mtu shujaa, na kwamba mimi nilikuwa mwoga mwenye kofia nzuri.

Siku ya tatu Bwana Miwani alikuwa na baraza, watu wamejaa. Nilisimama mahali pangu, na kabla ya shauri la kwanza nikasema, "Bwana, kuna neno la mtu nimeliacha. Naomba turudi nyuma."

"Neno la nani?"

"La Mwaro. Nilikudanganya, Bwana."

Nikamweleza yote, mnazi, vidato, kotama, na neno la mwisho la Mwaro la kuuliza nani atamwosha Karisa. Sikupamba kitu. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza kusema Kiswahili kitupu mbele yake. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Kumbe mtu aliyefungwa ni nani?" akauliza.

"Ni asiye na kosa la kisu, Bwana."

"Na aliyemfunga?"

"Mimi, Bwana."

Hakunifukuza. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda mkalimani mwingine hakuwepo. Aliandika barua kwa wakubwa wake pwani, akanipa mkononi. "Utaipeleka mwenyewe," akasema, "na kuanzia leo ukinipambia neno tena nitajua." Niliteremka na barua ile kwa miguu mpaka reli, mvua juu yangu, mwavuli ukageuka ndani nje njiani nikautupa kwenye kichaka.

Serikali ya siku zile ilikuwa nyepesi kufunga na nzito kufungua. Jibu halikuja mwezi wa kwanza, wala wa pili. Wakati huo kila siku ya mapumziko nilipanda kwa Karisa. Nilimpelekea dawa ya unga ya wamishonari, Sidi akaitia kidondani, harufu ikaanza kupungua. Siku ya kwanza nilichukua kibuyu cha maji nikapiga goti nimwoshe. Karisa, amelala kitandani, amebaki mifupa na macho, akaurudisha mguu wake.

"Acha," akasema. "Wewe hukuniumiza mimi. Hili lina mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo, na mimi ndiye niliyemwondoa."

"Basi na wewe una lako. Langu usiliguse."

Nikaweka kibuyu chini. Akanipa jembe badala yake. Nikamlimia mihogo, nami katika maisha yangu nilikuwa sijapata kushika jembe. Karisa alikuwa akiniangalia mlangoni, akicheka mpaka anashika paja kwa maumivu. "Sidi, njoo uone! Mkalimani anaikalimania mihogo!" Nilitoka malengelenge mikono yote miwili. Nilikuwa nimedharauliwa na mgonjwa, na sijui kwa nini, nilikuwa na furaha kuliko siku niliyosifiwa Kiswahili. Nikiwakumbuka watu wale hutamani wangekuwa hai nipande tena kilima kile, hata kwa magoti haya.

Mwezi wa nne wa kifungo cha Mwaro ulipokuwa ukimalizika, barua ikaja. Siku tatu baadaye Mwaro akatokea kwenye njia ya kituo, amekonda, ndevu zimegeuka nyeupe. Nilimwendea, nikaanza hotuba niliyoitayarisha wiki nyingi.

"Baba, mimi ndiye…"

"Karisa yu hai?" akanikata.

"Yu hai."

"Twende."

Alitembea akichechemea kidogo, na mimi nyuma yake, hotuba yangu kifuani.

Tulipofika, Karisa alikuwa amesimama uani kwa fimbo. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki kovu refu lenye kung'aa. Hapakuwa na cha kuosha. Lakini Mwaro hakuuliza. Alikwenda mtungini akateka maji kwa kata, akapiga magoti chini, na Karisa akapandisha nguo akamtolea paja. Mwaro akaliosha lile kovu taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu, akalifuta kwa kiganja. Wote wawili walikuwa wakilia, na Sidi alikuwa akilia, na mimi mpaka leo siwezi kulieleza hili bila kukohoa kwanza.

Kisha Mwaro akasimama, akamrudishia Sidi kata. Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama pembeni karibu na ua, kwa kuwa sikujua kama nina ruhusa ya kusogea.

"Wewe mkalimani," akasema. "Karisa ameniambia umelima."

"Nimelima, baba."

"Mihogo yake."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Miaka yote ile ya maneno, na lililobaki kunifaa ni lile la kwanza alilonipa yeye mwenyewe. Nikalisema kwa lugha ya mama yangu, mbele ya Karisa na mkewe. "Nidzakulumiza." Nimekuumiza.

Mwaro akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa. Akaikunja nguo yake juu ya kifundo cha mguu. Mnyororo wa gerezani ulikuwa umemla pale, kidonda kibichi, kimezunguka mguu mzima, na vumbi la njia yote ile limekijaa. Akaunyosha mguu ule mbele yangu.

"Haya," akasema. "Maji yako wapi?"